Maziwa Yasiyo na Mtoto

Kwa Vonza, Kitui
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Mamangu,

Shikamoo. Najua kwa miezi mingi sasa sijakusikia ukinijibu marahaba, lakini natoa salamu yangu hata hivyo, maana ni haki yako. Goti lako linasemaje? Kaka Athumani aliniambia umeanza tena kuswali ukiwa umekaa kwenye kiti. Tafadhali usilazimishe kusujudu kwa sababu tu majirani wanakuona. Na paa la jikoni, fundi alikuja mwishowe, au bado mnasogeza jiko kila mvua ikinyesha?

Ningependa kuandika hapa kwamba mimi ni mzima wa afya, halafu niendelee na habari. Lakini afya ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa hiyo nitaifikia taratibu. Athumani ananiambia ulikataa kusoma karatasi ya daktari niliyomtumia kwa simu. Alisema maneno yako yalikuwa, "Karatasi anaandika yeyote." Sawa, Mama. Basi hii siyo ya daktari. Nimeiandika mwenyewe, na mwandiko wangu unaujua tangu nilipokuwa nikikusomea barua za marehemu Baba.

Nianze pale ulipokata simu. Ilikuwa wiki moja baada ya Shangazi Mwanahamisi kuondoka kwangu. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha walimu na vitabu vya kusahihisha mkononi. Ulisema, "Mwanasha, mtoto ni wa nani?"

Nikauliza, "Mtoto gani, Mama?"

"Mimi nimezaa watano na kuzika wawili. Maziwa hayaji bila mtoto. Nauliza ni wa nani."

"Wallahi, Mama, sina mtoto wala sina mimba."

Ukasema, "Usimtaje Mungu kwenye jambo hilo." Halafu ukakata. Nilipiga tena mara saba. Nilitaka kukuandikia hapa kwamba sikukasirika, lakini nitakuwa naanza barua ya ukweli kwa uongo. Nilikasirika. Niliingia darasani nikawafundisha watoto ngeli za nomino kwa sauti kali mpaka wakaogopa kuuliza swali.

Sasa nikwambie yote kama yalivyokuja.

Hedhi yangu ilikatika kabla ya mwezi wa Rajabu. Mwezi wa kwanza nilidhani ni uchovu. Hapa jua ni kali, maji tunachota kwa kufukua mchanga wa mto mkavu, na mimi nilikuwa nimepewa madarasa ya mwalimu mwingine aliyehamishwa. Mwezi wa pili sikujali. Ramadhani ikaingia. Unakumbuka siku ya Idd uliniuliza nimekula siku ngapi, nami nikakujibu kwa fahari kwamba sikula hata moja? Ulinyamaza kidogo. Mimi nilidhani umefurahi kuwa bintiyo kafunga zote thelathini. Sasa naelewa ulikuwa ukihesabu hedhi isiyokuja.

Kichwa kiliniuma kila siku, hapa katikati ya macho, kwa ndani. Nikalaumu vumbi la chaki. Kisha alasiri moja, nikiwa nasahihisha insha mezani kwangu, nikasikia ubaridi kifuani. Nguo ilikuwa imelowa. Nikajikamua kidogo, likatoka tone jeupe.

Mama, hakuna mwanamume aliyewahi kunigusa. Naandika hivi mara moja, na sitarudia, kwa sababu inaniuma kwamba lazima niandike. Lakini mimi mwenyewe, ninayejijua, nilipanda gari hadi Kitui mjini, nikaingia duka la dawa ambalo sijulikani, nikanunua kipimo cha mimba. Kikasema hapana. Juma lililofuata nikanunua kingine. Kikasema hapana. Hivyo ndivyo nilivyochanganyikiwa. Sikumwambia mtu. Nilikata kanga kuukuu vipande vipande nikawa naviweka ndani ya sidiria, nikivifua kila jioni na kuvianika chini ya nguo nyingine.

Ndipo Shangazi alipokuja. Alikuwa ametoka kwenye harusi ya watu wake wa Mwingi, akasema hawezi kupita Kitui bila kulala kwangu. Nilifurahi sana kumwona. Asubuhi ya pili nilikuwa nakuna nazi aliyoniletea, nimejifunga kanga tu, sikuwa nimeweka vile vitambaa. Aliponitazama kifuani, nami nikajitazama. Madoa mawili, mduara na mduara. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unanyonyesha?" Nikacheka kama mjinga. Sikujua kingine cha kufanya. Alikuwa akae mpaka Jumapili. Aliondoka Ijumaa asubuhi, hata chai hakumaliza.

Simlaumu Shangazi kwa alichokiona. Alikiona kweli. Namlaumu kwa kuwa hakuniuliza mara ya pili.

Siku tatu baada ya simu yako, Salim aliniandikia ujumbe: "Nimesikia. Mungu akusitiri." Maneno matatu, ya mtu niliyekuwa nimepangiwa kuoana naye mwezi wa kumi na mbili. Habari za posa kurudishwa unazijua kuliko mimi, maana zilipita mlangoni kwako.

Hapa nako watu wana macho. Sijawahi kukuelezea vizuri kuhusu Mama Ndunge, mwenye nyumba ninayopanga. Ni mjane, amezaliwa Makueni akaolewa huku, analima ndengu, hizo ambazo sisi tunaziita pojo, na anaimba kwaya ya kanisa lao kwa sauti inayosikika mpaka sokoni. Vile vitambaa nilivyovificha kwenye kamba aliviona tangu zamani. Jumamosi moja alasiri alibisha mlango, nyuma yake wamesimama wanawake wanne wa kanisani, na birika la chai, na unga wa uji, na sukari.

"Mwalimu, sisi hatujakuja kuuliza maswali," akasema Mama Ndunge. "Mtoto ni mtoto. Hata kama babake hayuko, sisi tuko."

"Mama Ndunge, mimi sina mimba."

"Tunajua," akajibu mmoja wao huku akinipapasa mkono. "Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo."

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Kisha wakasimama wakaniombea, kila mmoja kwa sauti yake na wote kwa pamoja, kama wanavyoomba wao, na mimi Mwislamu nimeinamisha kichwa katikati yao, nikisikiliza dua ya mtoto ambaye hayupo. Nilitaka kuwafukuza. Nikashindwa. Nisamehe kwa hili ninaloandika, Mama, lakini ndilo nililowaza: wewe hukushika simu, na hawa walikuja na unga.

Shuleni nako mwalimu mkuu, mtu mpole, aliniita ofisini akaniambia ameniondoa kwenye michezo ili nisichoke, na kwamba nijaze fomu ya likizo ya uzazi mapema, maana huwa zinachelewa. Nikamwambia hakuna cha uzazi. Akasema, "Ni sawa, mwalimu. Ukiwa tayari." Wasichana wa kidato cha tatu wakawa wananinyanyulia kiti.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia. Kilichoniokoa ni kwamba nilianza kugonga vitu.

Nilianza na milango. Leo bega la kulia, kesho la kushoto. Kisha wanafunzi wanaokaa pembeni wakalalamika kwamba wakinyoosha mkono siwachagui, kwamba napendelea wale wa katikati. Mimi sikuwa nikiiona mikono yao. Ajabu ni kwamba kusoma nilisoma vizuri kabisa, hata maandishi madogo ya kamusi. Nikasema labda ni usumbufu wa mawazo tu.

Siku ya soko nilikuwa navuka barabara. Nilitazama mbele, hakuna kitu, nikakanyaga lami. Nikasikia kelele na upepo ubavuni, na bodaboda ikanikwepa ikaenda kuangukia mkeka wa ndengu uliokuwa umeanikwa. Kijana akainuka anachechemea, kiwiko kinatoka damu.

"Madam! Unatembea na macho gani? Nimepiga honi kutoka kule kwa posho mill ya kusaga unga!"

Mama Ndunge alikuwa pale pale akiuza. Hakunigombeza. Alikuja akanishika uso kwa mikono miwili mbele ya soko zima, akaniangalia jicho moja, kisha la pili. "Kesho tunaenda Kitui kutafuta miwani," akasema. "Hii si ya kungoja."

Basi ndivyo tulivyofika kwa Bwana Kilonzo. Ni mtaalamu wa macho, mtu mzima karibu na kustaafu, anaongea polepole kama mtu anayehesabu maneno. Alinisomesha herufi ubaoni, nikazisoma mpaka mstari wa mwisho. Akasema, "Macho yako ya mbele ni mazuri kushinda yangu." Mama Ndunge akakunja uso, akidhani tumefunga safari bure.

Lakini yule mzee hakuniruhusu niinuke. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Akaniambia nifunike jicho moja, nimwangalie puani, nisiangalie kwingine, na nikiona kidole nimwambie. Nikamwangalia puani. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikawa nashangaa mbona haanzi.

"Mwalimu!" Mama Ndunge akaita kutoka kwenye benchi. "Si anachezesha kidole hapo kando yako!"

Sikukiona mpaka kilipokaribia katikati. Jicho la pili likawa vile vile, upande wa pili. Mama, nilikuwa naona dunia kama kupitia uwazi wa mlango uliofunguliwa nusu, na sikuwa najua.

Bwana Kilonzo akainuka, akanawa mikono, akafunga mlango. Akarudi kukaa.

"Mwalimu, nitakuuliza kitu si ya macho. Usikasirike na mimi."

"Uliza."

"Siku zako za mwezi, zinakuja?"

Nikatikisa kichwa.

"Na matiti, yanatoa maziwa, na wewe hujazaa?"

Nililia, Mama. Nililia mpaka kilemba kikalowa. Nilimuuliza, "Nani amekuambia?" Nilidhani habari zangu zimefika mpaka hospitalini.

"Hakuna mtu ameniambia," akasema. "Ni macho yako imeniambia."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kwa namna ile. Wote waliniuliza kama wanaojua jibu. Yeye aliuliza akitaka kujua. Nyuma yangu nikamsikia Mama Ndunge akisema, "Ngai wakwa!", ndiyo kusema Mungu wangu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo hakuna mtoto?"

"Hakuna," akajibu Bwana Kilonzo.

"Na vile tulimwombea!"

"Endeleeni kuomba. Lakini sasa muombee kichwa."

Nilicheka huku machozi yanatoka. Alituandikia barua ya kwenda kwa daktari, akaandika HARAKA juu yake na kupiga mstari chini mara mbili.

Daktari huyo, mwanamke wa makamo, kitu cha kwanza alichofanya ni kunipima mimba. Mara ya tatu hiyo. Aliona nilivyotabasamu akasema ni utaratibu, kila mwanamke hupimwa. Akaniuliza kama nakunywa dawa yoyote, za tumbo au za akili, kwa sababu ziko ambazo huleta maziwa. Sikunywa chochote. Akatoa damu apime tezi ya shingo na homoni moja iitwayo prolaktini, ile inayouamrisha mwili utengeneze maziwa. Majibu yalipotoka, ya shingo yalikuwa sawa. Ile nyingine aliisoma mara mbili, kisha akasema tutafute picha ya kichwa, na kwamba itabidi tufike Nairobi.

Mama Ndunge akafunga mkoba wake wa kanisani tukaenda naye. Nilimwambia abaki aniangalizie nyumba. Akasema, "Mwalimu, na ukigongwa huko Nairobi nitamwambia nini mamako?" Hamjaonana hata siku moja, na tayari alikuwa anaogopa kukujibu.

Kule tulingoja kwenye foleni ndefu. Aliyekaa kando yangu alikuwa mwashi wa kutoka Makueni, na Mama Ndunge alipoisikia lafudhi yake wakaanza Kikamba hapo hapo kama ndugu. Mikono yake, Mama! Vidole vinene kama ndizi mkono wa tembo, taya pana, na alikuwa amevaa ndala kwa sababu viatu vyote vimemkataa. Alituambia pete yake ya ndoa ilikatwa na fundi wa vyuma kwa msumeno. "Mke wangu alikuwa anasema nanenepa kwa raha," akatuambia. "Kumbe ni kitu ndogo hapa," akagusa katikati ya macho yake, pale pale panaponiuma mimi. Chake kilikuwa kinatoa homoni ya kukuza mwili, changu, nilikuja kujua baadaye, ya maziwa. Yeye alikwishapasuliwa kupitia puani, alikuwa amekuja kuangaliwa tu. Nikamuuliza kama iliuma. Akasema, "Kuuma si sana. Lakini usipige chafya."

Mashine ya picha ni bomba kubwa unaloingizwa umelala. Inapiga kelele kama watu wanagonga mabati kwa nyundo. Nilisoma Ayatul Kursiyu mpaka nikapoteza hesabu.

Daktari wa huko alipotuita ndani alituonyesha picha kwenye kioo. Nikamwambia, "Nieleze kama unamweleza mama yangu." Basi sikiliza, Mama, maana haya aliyasema kwa ajili yako:

"Mwambie mama yako kwamba chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi. Inaitwa pituitari. Ndiyo inayotuma amri mwilini. Mwanamke akizaa, inaambia matiti yatoe maziwa, na inazuia hedhi kwa muda. Sasa kwenye tezi ya binti yako pameota uvimbe. Uvimbe huu unatuma amri hiyo hiyo mchana na usiku ingawa hakuna aliyezaliwa. Mwili unatii tu, haujui kwamba umedanganywa. Na kwa kuwa uvimbe umekua, unasukuma mishipa ya macho inayopita juu yake. Ndiyo maana haoni pembeni. Mwambie hakufanya kosa lolote kuupata."

Nikauliza kama ni saratani. Akasema hapana, uvimbe wa namna hii mara nyingi sana si saratani. Nikauliza kama watanipasua kama yule mwashi. Akasema aina yangu ina bahati yake: mara nyingi husikia dawa, hata ukiwa mkubwa. Tutaanza na vidonge, wataangalia macho yangu kwa karibu, na yasiporudi ndipo tutazungumza habari ya kupasuliwa. Mama Ndunge akauliza, "Na kuzaa, atazaa?" Mimi nisingethubutu kuuliza. Daktari akasema wakitibiwa, wengi huzaa.

Dawa ni nusu kidonge, mara mbili kwa wiki tu. Nilidharau. Kitu kidogo vile, kitafanya nini? Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikashika ukuta, na nilipoinuka chumba kikazunguka. Daktari akasema niwe nakula kwanza nishibe, nimeze baada ya chakula cha jioni, nilale, na asubuhi nisiinuke kwa ghafla. Nilikuwa nimechagua Jumatatu na Alhamisi bila kufikiri, na wewe unajua hizo ni siku zangu za sunna. Mama Ndunge aliposikia kwamba huwa nafunga siku hizo alikuja juu: "Mungu wako na wangu wote wanataka umeze dawa na chakula!" Kila Jumatatu na Alhamisi, jua likianza kushuka, ananiletea sahani ya muthokoi, yale mahindi yao yaliyotwangwa na kupikwa na maharage, na anasimama mlangoni mpaka nimalize. Siwezi kusema naupenda sana muthokoi. Nimeula wote.

Juma la tatu, darasani, nilikuwa nimegeukia ubao nusu, nikaona kitu kinatikisika kando ya dirisha. Ulikuwa mkono wa mwanafunzi. Nikamwita kwa jina bila kugeuza kichwa. Darasa zima likaguna kwa mshangao. Sikuwaambia kwa nini nilisimama pale nikiishika meza. Bwana Kilonzo aliponipima tena, kidole chake nikakiona mbali, karibu na sikio. Alicheka peke yake kama mtu aliyefungua kufuli.

Maziwa yalipungua, yakawa matone, yakakauka. Na Jumanne moja, baada ya miezi yote ile, hedhi ikarudi, nikiwa shuleni, na sketi yangu ya rangi ya krimu. Sijawahi kufurahia kuharibu nguo kama siku ile. Nilimwambia Mama Ndunge tu. Akashika jogoo wake, kisha akakumbuka, akatuma aitwe muuza nguo wa sokoni, Mwislamu mwenzetu, aje amchinje ili na mimi niweze kula.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa lao akasema, "Tulimsingizia mwalimu mtoto. Tulikosea." Hakuna aliyemtuma. Wale wanawake wanne wakaja tena, safari hii wakiwa na aibu, na mmoja wao akabaki nyuma wenzake walipoondoka. Binti wa dadake alirudishwa kwao na mume kwa kuwa hazai, na kumbe maziwa humtoka vile vile, na kichwa humuuma. Wamekuwa wakimpeleka kwa waombaji. Nilimwandikia jina la Bwana Kilonzo kwenye karatasi ya daftari.

Sijapona kabisa, Mama, nisikudanganye. Nitameza dawa kwa muda mrefu, labda miaka, na picha itarudiwa waone uvimbe umenywea kiasi gani. Kichwa bado kinauma siku mojamoja. Lakini naona, nafundisha, na asubuhi nikiamka najua mwili huu unaniambia ukweli.

Kuhusu Salim, naomba asiende mtu kwao kueleza. Alikuwa na namba yangu. Mtu anayeweza kuniacha kwa maneno matatu angeniacha siku nyingine kwa mawili.

Na kuhusu wewe. Nimefikiri sana hapa. Uliwazika wadogo zangu wawili, ukatulea waliobaki peke yako, na kitu kimoja ulichokuwa nacho mbele ya watu ni sisi, kwamba watoto wa Bi Mishi wametulia. Nafikiri uliposikia habari zangu hukukata simu kwa chuki. Uliogopa. Mimi pia niliogopa, ndiyo maana nilificha vitambaa badala ya kukupigia siku ile ya kwanza na kusema, "Mama, kifua kinanitoa maziwa, sijui ni nini." Nilipaswa kukwambia wewe kabla ya mtu yeyote. Hilo ni kosa langu, nami nakuomba radhi kwa hilo moja tu.

Barua hii inakuja na mfuko wa pojo. Umetoka kwa Mama Ndunge, wa shamba lake, amezipepeta mwenyewe. Anasema nikwambie ni za mamake mwalimu, na kwamba kijana wa bodaboda hakuzimwaga hizi.

Nisalimie Kaka Athumani aliyebeba maneno kati yetu bila kuyaongezea chumvi, na mkewe Riziki. Nisalimie Bibi wa kwa Baba, mwambie dua aliyoniombea mchana ule kwa simu ya Athumani niliisikia. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa, na jirani yetu Mama Tumu ambaye nasikia ndiye peke yake aliyesema, "Mngojeni msichana aseme mwenyewe." Shangazi Mwanahamisi msalimie pia. Mwambie nyumba yangu bado ina godoro lake.

Shule zinafungwa wiki mbili zijazo. Nimekata tiketi ya basi kwa hesabu yangu mwenyewe: nitafika Likoni asubuhi ya Ijumaa, na Msambweni mchana, wakati watu wanatoka msikitini. Sitaki kuingia kwetu kupitia nyuma, kwenye minazi. Nakuomba, kama goti litakuruhusu, unipokee barabarani. Usinieleze kwa mtu, usiwatolee karatasi ya daktari. Unishike mkono tu tutembee, mbele ya msikiti, mbele ya baraza ya Shangazi, mpaka nyumbani. Watu wakitusalimia, tuitikie.

Nitakupigia nikivuka feri. Ukishika, sema lolote. Usiposhika, nitakuja vivyo hivyo, kwa sababu ni kwetu.

Mimi mwanao,
Mwanasha